Kuvundika Majani ya Ng'ombe: Molasi Hutiwa Wakati wa Kushindilia

Leo tuzungumze juu ya chakula cha ng'ombe wa maziwa wakati wa kiangazi. Lakini hatutazungumza yote. Tutashika jambo moja tu ambalo wafugaji wengi hulifanya nusu nusu, nalo ni kutia molasi au pumba katika majani yanayovundikwa. Mazungumzo haya tunawaelekezea hasa wenzetu wa Ijumbi na vijiji vingine vya Muleba na Bukoba, mkoani Kagera, ambako ng'ombe wa maziwa hufungwa bandani na majani huletwa kwa kichwa. Hata hivyo, mfugaji wa mahali pengine naye atapata chake.

Hali ilivyo unaijua mwenyewe. Mwezi wa Aprili na wa Mei majani ni mengi mpaka ng'ombe anachagua. Mabingobingo uliyoyapanda ukingoni mwa kibanja yanampita mtu urefu, yanakomaa, yanageuka mabua, na hakuna wa kuyala. Halafu kinaingia kiangazi: Juni, Julai, Agosti. Sasa mtoto akitoka shule anapewa panga na kamba, anakwenda rweya ya mbali, na jioni anarudi na mzigo ambao nusu yake ni makapi. Maziwa yanapungua siku hadi siku. Kwanza yanakwisha ya kuuza, kisha yanakwisha hata ya watoto.

Na hasara haiishii kwenye maziwa. Ng'ombe mwenye njaa hukonda, na ng'ombe aliyekonda hachukui mimba kwa wakati wake. Wengi wetu tulimpata ng'ombe kwa utaratibu wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe, ambapo mtamba wa kwanza ni wa kulipa deni. Basi mimba ikichelewa, deni nalo linachelewa, na jirani anayengoja zamu yake anaendelea kungoja. Wengine wakizidiwa humuuza ng'ombe kwa bei ya kutupa. Sasa hapo angalia: ng'ombe ameondoka, na samadi imeondoka naye. Na kibanja kisichopata samadi, mzee wako alikwisha kukuambia mwisho wake.

Labda utauliza: kwa nini tusikaushe majani tupate hei, tukaifunga marobota kama wanavyofanya watu wa sehemu kavu za nchi? Jambo hilo ni zuri mahali penye jua. Lakini sisi tunaishi kando ya ziwa lenye mvua. Mji wa Bukoba kwa wastani hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Wakati ambapo majani ni mengi, ndio wakati huo huo ambapo mvua hainyamazi. Hei ikinyeshewa mara mbili tatu hupoteza utamu, na ikifungwa ikiwa na unyevu hushika ukungu. Ndiyo maana kwetu huku kuvundika kunafaa zaidi kuliko kukausha. Majani yaliyovundikwa vizuri ndiyo yaitwayo sileji.

Je, kuvundika ni nini hasa? Neno lenyewe tunalijua kwa ndizi: tunazifunika ziive. Lakini majani ya ng'ombe hatuyavundiki yaive, tunayavundika yachachuke. Fikiria maziwa ya mgando. Maziwa mabichi ukiyaacha huanza kubadilika siku hiyo hiyo. Lakini yakishaganda na kuwa makali, hukaa siku nyingi kuliko yale mabichi. Kilichoyahifadhi ni ule ukali, yaani asidi, uliotengenezwa na vijidudu vizuri vilivyokula sukari iliyomo ndani ya maziwa. Vijidudu vya jamii hiyo hiyo vipo pia juu ya majani. Ukiwapa sukari ya kutosha na ukawanyima hewa adui zao, watatengeneza asidi ile ile katika majani yako. Kipimo cha ukali, ambacho wataalamu hukiita pH, kikishuka mpaka karibu 4, majani hayaozi tena. Yatakaa hivyo miezi mingi, hata mwaka, mradi hewa isiingie.

Au chukua mfano wa rubisi. Wazee huchukua ndizi mbivu, huzikanyaga kwa miguu katika mtumbwi wa mti, hutia unga wa mtama, kisha hufunika kwa majani ya mgomba. Hakuna mzee hata mmoja anayekanyaga ndizi kwanza, akamaliza kila kitu na kufunika, ndipo akamwaga mtama wote mahali pamoja juu. Mtama huchanganywa. Anajua kwamba mahali mtama usipofika, kazi haikufanyika. Basi shika hapo, maana ndipo penye somo letu la leo.

Sasa tuyatazame majani yetu. Mahindi yaliyokatwa wakati punje zinaanza kugumu yana sukari ya kutosha, nayo huchachuka yenyewe bila msaada. Lakini mabingobingo siyo hivyo. Majani ya nchi za joto kwa kawaida yana sukari kidogo na maji mengi. Kilo 100 za mabingobingo machanga zina maji kilo 80 au zaidi. Hapo vijidudu vizuri hukosa chakula kabla hawajamaliza kazi, ukali unakuwa hafifu, na vijidudu wa uvundo wanaopenda maji mengi hupata nafasi. Hao hawahitaji hewa. Kwa hiyo hata ukifunga mfuko barabara, utakapoufungua utakutana na harufu ya samli iliyochacha, majani yanateleza mkononi, na ng'ombe anageuza kichwa.

Hiyo ndiyo sababu ya kutia viongezo. Molasi ni chakula cha vijidudu vizuri. Pumba hunyonya maji yaliyozidi. Viongezo si dawa ya kuyafufua majani mabaya, wala havizibi tundu la mfuko. Kazi yao ni kuwapa vijidudu vizuri nguvu ya kuwatangulia wabaya. Na mbio hizo hukimbiwa katika siku za mwanzo tu.

Kwa hiyo, ndugu mkulima, kosa kubwa ni hili. Mfugaji anakata majani, anayajaza mfukoni, anayashindilia vizuri kabisa, halafu mwisho anachukua kidumu cha molasi na kukimwaga chote juu, anafunga na kwenda zake akiwa ameridhika. Molasi ni nzito na inanata. Itapita pembeni mwa mfuko au itatengeneza njia mbili tatu na kutuama chini. Majani ya katikati hayatapata kitu. Mfuko huo ukifunguliwa mwezi wa Julai, utakuta pengine robo moja ni nzuri na iliyobaki imeoza. Hapo mtu husema, "Molasi haifai, tumepoteza fedha bure." Kumbe molasi inafaa sana, ila haikufika.

Tazama wanavyofanya wenye mashamba makubwa huko Ulaya. Trekta hukokota mashine inayookota majani yaliyolazwa chini, ikayabana kuwa robota kubwa, kisha robota likazungushiwa nailoni. Juu ya mashine hiyo huwekwa tangi la kiongezo, lenye bomba na pua za kunyunyizia. Pua hizo huwekwa pale majani yanapoingia mashinani, kabla hayajabanwa. Kwa nini hapo na si mwishoni? Kwa sababu robota likishabanwa, hakuna kitu kinachopenya tena. Na kiasi kinachonyunyizwa hufuata wingi wa majani yanayopita: yakiwa mengi pampu huongezwa, yakipungua hupunguzwa.

Sisi hatuna trekta wala pampu. Lakini kanuni ni hiyo hiyo. Mashine yetu ya kubana ni miguu yetu, tangi letu ni ndoo, na pua yetu ni keni ya kumwagilia bustani. Kila konzi la majani lipate sehemu yake kabla halijashindiliwa.

Mtu mmoja wa Finland, Artturi Virtanen, aliichunguza sana kazi hii ya kuvundika katika miaka ya 1920 na 1930. Yeye hakungoja vijidudu watengeneze ukali. Alitia asidi moja kwa moja katika majani mabichi ili ukali ufike unapotakiwa siku ile ile. Mwaka 1945 alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia, na njia hiyo ya kuhifadhi majani ilitajwa katika sababu za kumpa. Tunamtaja hapa ili ujue kwamba chakula cha ng'ombe si jambo dogo. Lakini tafadhali sana usiige asidi zake. Asidi kali huunguza mikono, macho na mapafu, na inataka vifaa vya kujikinga. Usithubutu hata siku moja kutia maji ya betri katika majani ya ng'ombe. Hiyo ni sumu. Sisi tutawalisha vijidudu wetu, nao watatutengenezea asidi iliyo salama.

Haya, tuingie kazini.

Kwanza, chagua majani. Kata mabingobingo yakiwa na urefu wa karibu mita 1, kabla hayajawa mabua. Guatemala unaweza kuiacha shambani kama akiba iliyosimama, maana huvumilia ukavu kuliko mabingobingo. Majani ya jamii ya kunde, kama desmodiamu, yana protini nzuri lakini huuchelewesha ukali, kwa hiyo yasizidi robo ya mchanganyiko wote. Migomba usiivundike, kwa kuwa karibu yote ni maji. Na kumbuka kwamba tangu mwaka 2006 wilaya ya Muleba imekuwa na ugonjwa wa mnyauko wa migomba. Panga lililokata mgomba mgonjwa hueneza ugonjwa. Basi panga la majani ya ng'ombe liwe lake, na mgomba mgonjwa usitoke mahali ulipo.

Pili, nyausha majani. Yakate asubuhi umande ukikauka, uyatandaze juani mpaka jioni au mpaka kesho yake. Mvua ikitishia, yatandaze chini ya paa la banda. Lengo letu ni kwamba katika kila kilo 100 zibaki kilo kama 70 za maji. Utajuaje bila mashine? Mkono wako ni mashine. Katakata majani kidogo, yafinyange kwa nguvu kiasi cha nusu dakika, kisha fungua kiganja. Maji yakichuruzika, bado ni mabichi mno. Donge likiachia polepole na kiganja kikabaki na unyevu tu, yako tayari. Yakifumuka mara moja, yamekauka mno na yatakuwa magumu kushindilia.

Tatu, katakata vipande vya sentimita 2 hadi 3, yaani kama inchi moja. Mwenye mashine ya kukatia majani atumie mashine, na mwenye panga atumie panga juu ya gogo. Usione uvivu hapa. Vipande virefu huacha nafasi za hewa, na molasi haivishiki vizuri.

Nne, pima. Chukua tenga moja, lijaze majani yaliyokatwakatwa, ulipime kwa mizani ya kahawa. Ongeza au punguza mpaka upate kilo 20. Sasa weka alama kwenye tenga mahali majani yalipofika. Kuanzia hapo huna haja ya mizani tena, kwani tenga moja ni kilo 20, na matenga matano ni kilo 100.

Tano, tengeneza mchanganyiko wa molasi. Kipimo kinachofaa ni kilo 3 hadi 5 za molasi kwa kila kilo 100 za majani. Lakini molasi ni nzito: lita 1 ina uzito wa karibu kilo 1.4. Kwa hiyo tuhesabu kwa lita, kwa sababu kila nyumba ina kidumu. Kama majani yamenyauka vizuri, changanya lita 2 za molasi na lita 3 za maji. Kama mvua imekuzuia kunyausha na majani bado mabichi, changanya lita 3 za molasi na lita 2 za maji, kwani maji mengine yamo tayari katika majani. Kwa namna zote mbili unapata lita 5, ambazo zinatosha matenga matano. Maana yake ni rahisi: tenga moja, lita moja ya mchanganyiko. Tumia maji ya uvuguvugu ili molasi iyeyuke, ukoroge mpaka isionekane ikilala chini ya ndoo.

Sita, na hapa ndipo moyo wa kazi. Tandaza turubai safi. Mwaga tenga moja la majani, uyatandaze yawe membamba. Tia lita moja ya mchanganyiko katika keni, unyunyize juu yote kama unayemwagilia miche ya kahawa. Geuza majani kwa mikono, geuza tena. Kama majani ni mabichi, nyunyizia pia kilo 1 ya pumba za mahindi, kisha geuza. Halafu ndipo uyatie mfukoni, uyasambaze, uyashindilie. Ukimaliza, rudi uchukue tenga la pili. Usichanganye matenga kumi kwa pamoja ili kuharakisha. Wawili wakifanya kazi, mmoja anachanganya na mwingine anashindilia, mambo huenda haraka bila kuharibika.

Saba, shindilia kila tabaka lisilozidi shibiri moja. Kanyaga kwa miguu mitupu iliyooshwa, na kanyaga zaidi pembeni kuliko katikati, maana pembeni ndipo hewa hujificha. Mfuko ukiusimamisha ndani ya pipa au ndani ya shimo fupi, hautapasuka. Nailoni iwe nene, ile ya robo ya milimita, ambayo maduka huiita ya geji 1,000. Katika nchi jirani ya Kenya, wafugaji wadogo hutumia mrija wa nailoni wenye upana wa mita 1 na nusu ukiwa umelazwa. Kipande cha urefu wa mita 2 na nusu hufungwa upande mmoja, nacho huchukua karibu kilo 500 za majani. Huo utahitaji matenga 25 na, kama majani yamenyauka vizuri, lita 10 za molasi. Wengine huona ni mzito, kwa hiyo hutumia magunia yenye mifuko ya nailoni ndani, ya kilo 40 au 50 kila moja. Hata hayo yanafaa, na yana faida kwamba ukifungua moja ng'ombe wako hulimaliza kwa siku chache. Usitumie mfuko uliowahi kuwekwa dawa ya wadudu, hata ukiuosha mara saba. Na kama unaogopa marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza tarehe 1 Juni 2019, jua kwamba ile ilikuwa ya mifuko ya kubebea. Plastiki za shughuli za kilimo hazikuwamo.

Nane, funga siku hiyo hiyo. Minya hewa itoke, sokota shingo ya mfuko, funga kwa mpira, kunja shingo, funga tena. Weka juu yake kitu kizito, kama mfuko wa mchanga. Hifadhi mahali penye kivuli ambapo panya, kuku na watoto hawafiki. Tundu moja la panya linaweza kukuharibia mfuko mzima. Ukiliona, liandame kwa kipande cha nailoni na gundi usiku huo huo.

Sasa, kuna maswali tunayojua utauliza.

Kama sina molasi? Hapa Kagera tuna bahati, kwa sababu molasi ni masalio ya kiwanda cha sukari, na kiwanda cha Kagera kipo wilaya ya Missenyi. Wafugaji wa kijiji kimoja wakikusanya fedha na kuagiza pipa moja kwa pamoja, gharama ya usafiri hugawanyika. Ukikosa kabisa, sukari ya kawaida kilo 1 na nusu iliyoyeyushwa hufanya kazi ya molasi kilo 3, ingawa ni ghali. Pumba za mahindi au unga wa muhogo, kilo 5 kwa kilo 100 za majani, husaidia kunyonya maji na kuongeza chakula. Lakini vijidudu vizuri hawali wanga upesi kama walavyo sukari. Kwa hiyo pumba peke yake siyo badala kamili ya molasi. Ukitumia pumba tupu, hakikisha kwamba majani yamenyauka vizuri sana.

Na chumvi? Chumvi kidogo huwapendeza ng'ombe, lakini kwa kipimo hicho kidogo haihifadhi majani. Usiitegemee.

Na yurea? Hapa tuwe waangalifu. Yurea huongeza protini katika mahindi yanayovundikwa, lakini hupunguza ukali. Kwa mabingobingo mabichi utakuwa unabomoa kile ulichojenga kwa molasi. Tena yurea ikizidi, au ikikusanyika mahali pamoja kwa kutochanganywa, huua ng'ombe kwa muda mfupi. Usiitumie pasipo bwana mifugo kusimama karibu nawe.

Na vile vijidudu vya unga vinavyouzwa katika pakiti? Ni vijidudu vizuri vya kuongeza jeshi. Vinafaa, ila ni viumbe hai. Vikipigwa na jua hufa, maji yenye dawa ya klorini huviua, na vikishachanganywa na maji vitumike siku hiyo hiyo. Tena jeshi bila chakula halipigani. Katika mabingobingo, sukari bado inahitajika.

Baada ya kufunga, ngoja. Usifungue kabla ya siku 30. Siku ya kufungua, tumia pua na macho. Sileji nzuri ina rangi ya kijani kibichi iliyofifia kuelekea manjano, na harufu kali tamu kama ya matunda yaliyochachuka. Ikiwa nyeusi au inateleza na kunuka samli mbovu, uvundo umeshinda. Ikiwa na ukungu mweupe au wa kijani juu tu, ondoa sehemu hiyo yote, na sentimita kadhaa chini yake. Sileji yenye ukungu usimpe ng'ombe, na hasa mwenye mimba, kwa sababu inaweza kumsababishia kutupa ndama. Itupe katika shimo la mboji, migomba itaila.

Mzoeshe ng'ombe polepole. Siku ya kwanza mpe kilo 2 au 3 pamoja na majani mengine, kisha ongeza kila siku. Mpe baada ya kukamua, siyo kabla, kwani maziwa hushika harufu upesi. Ukishafungua mfuko, chota kila siku toka juu kwa usawa na ufunge tena. Usiache mfuko wazi tangu asubuhi hadi jioni.

Mwisho tufanye hesabu, kwa sababu ukulima bila hesabu ni kubahatisha. Tuseme mama mmoja wa Ijumbi ana ng'ombe mmoja, na anataka kumpa kilo 10 za sileji kwa siku kwa siku 60 za ukali wa kiangazi, pamoja na majani mengine kidogo anayoyapata. Anahitaji kilo 600. Hizo ni matenga 30 ya majani yaliyonyaushwa, au magunia 12 ya kilo 50. Molasi ni lita 12, ikiwa majani yamenyauka. Ikiwa mvua imemzuia, molasi ni lita 18 na pumba ni kilo 30. Halazimiki kumaliza kwa siku moja. Anaweza kuvundika magunia 3 kila Jumamosi ya mwezi wa Mei, watoto wakiwa nyumbani kusaidia kukanyaga. Kila gunia ni kamili, kila gunia limefungwa siku yake. Akiongeza magunia mawili ya tahadhari, atakuwa amefanya busara.

Sasa pima mwenyewe: Jumamosi nne za Mei kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine, siku 60 za mtoto kwenda rweya na kurudi na makapi.

Basi ndugu mkulima, katika yote tuliyosema, likikupotea lingine usipoteze hili: tenga moja, lita moja, geuza, ndipo ushindilie. Molasi ifuatane na majani tangu chini ya mfuko hadi shingoni. Ukiwa na shaka juu ya kipimo, mwite bwana mifugo wa kata yako kabla hujafunga mfuko, siyo baada ya kuufungua.

Kwa leo tunaishia hapa. Tunakutakia kazi njema, na maziwa ndani ya kiangazi. Kwaheri.